Mama Maua

Ko, ko, ko: ubapa wa panga ukigonga kopo la bati. Sauti nyingi za nyumba ile ya Karatu nimeshazisahau, lakini hiyo naisikia mpaka leo, hata nikiwa nafua.

Ua lenyewe aliniletea mume wangu. Alikuwa dereva wa kupeleka wageni kreta kutazama wanyama, na kwenye hoteli moja huko juu walikuwa wanatupa mimea iliyochoka. Akaniletea shina moja ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Majani yake ya mviringo ukiyagusa mkono unabaki na harufu. Mtunza bustani alimwambia likae dirishani lipate jua, maji kidogo tu, wala nisilihamishie chombo kikubwa. Mizizi ikibanwa ndipo hutoa maua. Nilifurahi kama nimepewa ng'ombe. Shule niliishia la saba, maua ya ndani sikuyajua, ila nilikuwa naliota limechanua jekundu na sebule nzima inawaka.

Mwaka ukapita, likawa majani tu.

Na mimi hivyo hivyo. Ndoa ilikuwa na miaka mitatu na majirani hawakuwa na jina la kuniita, maana mke huitwa kwa mtoto wake. Mama mkwe alikuja kutoka Kilimanjaro kutusalimia, akakaa moja kwa moja. Alisema mwanawe alipotelea kwetu Baray, kwa watu wa kufuata mikia ya mbuzi. Nikacheka. Nilidhani nikicheka naye atanipenda.

Alisema kwao mti usiozaa hutishwa. Mmoja hushika panga kama anataka kuukata, mwingine huuombea na kuahidi kwamba msimu ujao utazaa. Ni mambo ya shambani hayo. Yeye aliyaleta sebuleni, Jumapili moja, wanawake wa kanisani wameketi na chai zao. Akagonga kopo.

“Hili nalo linakula bure. Nilikate?”

Akanigeukia.

“Liombee basi, binti. Nani atalisemea kama si mwenzake?”

Wakachekea ndani ya vikombe. Nikasimama.

“Liache, mama. Litazaa.”

“Lini?”

“Pasaka.”

“Haya. Pasaka likiwa hivi hivi, mtatoka wote wawili.”

Mume wangu alikuwa pale pale. Aliomba aongezewe sukari, na miaka ile sukari ilikuwa ya mgawo.

Kwaresima yote nililihangaikia. Nilifuta vumbi jekundu jani kwa jani, nikakata vikonyo vilivyorefuka ovyo, nikawa nageuza kopo ili kila upande uonje jua. Maji nilingoja mpaka udongo ukauke juu, na kulinyima kuliniuma, nikawa naliomba radhi kwa Kiiraqw cha kwetu ili mama mkwe asielewe. Jumapili ya Matawi nikaona vichwa vidogo vimeinama. Juma lile lile vikainuka, vikapasuka, vyekundu kuliko nilivyoota. Nilikimbia uani nacheka peke yangu.

Mama mkwe akaja kuliangalia. “Sasa tumekupatia jina,” akasema. “Mama Maua.” Kufika jioni hata watoto wa dukani walikuwa wananiita hivyo.

Siku ya Pasaka aliteremka kwenye basi msichana kutoka kwao mama mkwe, Kilimanjaro, na begi, na tumbo limetangulia. Mume wangu akampokea begi bila kuuliza yeye ni nani. Mama akamkalisha chini ya dirisha, akavunja kichwa cha ua langu, akakichomeka kwenye kilemba cha yule msichana.

“Mama,” nikasema, “si limezaa?”

“Limezaa lenyewe. Wewe je?”

Jumatatu nikapanda lori la Baray, sanduku miguuni, kopo mapajani. Mume wangu alinifungia sanduku kwa kamba, akafunga vizuri kweli.

Nyumbani mama yangu alinipokea na uji. Kesho yake, wote walipokwenda shamba, nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko. Nikachimba shimo pana, pana kuliko lilivyohitajika. Nikapasua kopo. Mizizi ilikuwa imejizungusha mpaka imechukua umbo la bati. Nikakaa chini nikaifungua kwa vidole, mmoja mmoja, nikailaza kila mmoja upande wake, nikafukia. Halafu nikalimwagia ndoo nzima ya maji.