Saa za Njia ya Kibua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa mashine. Ilikuwa Bihambwe, katika ofisi ya ushirika wa wakulima, chumba kimoja kilichonuka mbegu za maharagwe na dawa ya panya. Papa Président, aliyeongoza ushirika, alinikalisha karibu na mashine ya kuandika, akaweka mkono juu ya vitufe vyake kama mtu anayezuia mbwa. "Angalia kwanza," alisema. "Vidole vyako viko na mbio kupita akili." Nilinuna. Nilikuwa na diploma yangu ya secrétariat, yaani ukatibu, ndani ya mfuko, na nilijiona mtu kweli kweli.

Alikuwa na sababu zake. Ninyi mnaofuta kosa kwa kidole kimoja hamjui adhabu ya karatasi ya kaboni. Ukikosea jina la mnunuzi katika barua ya nakala nne, unaanza upya ukurasa wote, na Papa Président anasimama mlangoni akiguna. Kwa hiyo tulijifunza kusoma kabla ya kupiga, na kusoma tena baada ya kupiga. Tabia hiyo ndiyo mshahara pekee niliotoka nao Bihambwe, maana vita vilipofika, ushirika ulikufa, mbegu zikaliwa, na mimi nikapanda hadi Masisi na nguo za mwilini.

Masisi nilipata kazi katika shirika lililosaidia wahamishwa na kupatanisha vijiji. Mkuu wetu aliitwa Coordinateur. Alikuwa mtu wa magharibi ya mbali ya nchi yetu, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunzia ukubwani, na ndiye aliyenionyesha kompyuta. Sitaki mtu amseme vibaya kwa haya nitakayoyasimulia. Kila ninachokijua nilikipata kwake.

Siku moja nilikuwa nikisahihisha taarifa ndefu ya maharagwe neno kwa neno. Akavuta kiti. "Mama Secrétaire, utazeeka hapo," alisema, akafungua kidirisha cha kutafuta na kubadilisha. Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo ambacho sikuwahi kukigusa. Ukikitia alama, kompyuta inaacha kutafuta neno lenyewe tu na kuanza kutafuta umbo la neno. Sisi ofisini tuliziita alama hizo majokeri, kama karata ile inayokaa mahali pa karata yoyote. Alama ya kuuliza inashika herufi moja, yoyote ile. Nyota inashika herufi zozote, hata ngapi, nayo ni mlafi: ukiiachia inaweza kumeza aya nzima. Mabano ya mraba yenye 0-9 yanashika tarakimu yoyote. Ukifuatisha mabano ya mkunjo yenye 1;2, umesema tarakimu moja au mbili. Weka nukta-mkato hapo, si mkato, maana kompyuta zetu zilikuwa za Kifaransa na zilikuwa na kiburi chao. Halafu kuna alama mbili za pembe, moja ya mwanzo wa neno na moja ya mwisho, zinazozuia ukitafuta 1 usiikamate pia 1 iliyomo ndani ya 12.

"Jokeri haijui unachotaka," alikuwa akiniambia. "Inajua tu ulichoandika." Nilicheka. Niliona ni maneno ya walimu.

Baadaye nilipelekwa Nyabiondo, kwenye antenne, yaani tawi letu dogo. Aliyeliongoza, Chef d'antenne, alikuwa Munande, mtu wa kabila la Wanande wa Butembo, mtoto wa wenye maduka, aliyepima mafuta ya jenereta kwa kijiti kila asubuhi. Nilifurahi kwenda kwa sababu mama yangu alikuwa huko. Baba alipofariki, mama alirudi kwa ndugu zake upande wa Kibua, kisha mapigano yakamfukuza hadi kambini Nyabiondo. Mihogo yake ilibaki ardhini. Watu wa kambi nzima walikuwa hivyo: chakula chao kilikuwa njiani kuelekea Kibua, na wao walikuwa wakilala njaa wakiyaona mashamba yao kwa mbali.

Wazee na padri wa parokia walikwenda kuongea na pande zote mbili zilizokuwa zikipigania njia ile. Baada ya safari nyingi walipata jambo moja: siku za soko, wenye silaha wangekaa mbali na njia kwa saa chache ili watu wakang'oe mihogo. Kila kilima kilipewa saa zake. Kilima cha mama kilipewa kuanzia 7h hadi 12h, yaani kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Baada ya hapo, atakayeonekana njiani angehesabiwa kuwa mpelelezi, na kila mtu alijua mpelelezi anafanywaje. Niliandika makubaliano hayo kwa Kifaransa kwa vidole vyangu mwenyewe, na nakala za Kifaransa ndizo walizochukua wenye silaha.

Nakala ya Kiswahili kwa ajili ya watu ilitengenezwa Masisi. Coordinateur aliifanya mwenyewe, kwa mapenzi. Karatasi zilipigwa muhuri huko huko, zikabebwa na pikipiki moja kwa moja kwa makatekista wa vilima. Kwetu ilikuja flashi tu, kwa ajili ya kumbukumbu, na kwa kuwa kijiti cha Chef kilikuwa kikitoka kikavu, hatukuwasha kompyuta kuifungua.

Jumapili, baada ya komunyo, katekista alisimama kusoma. "Kilima chenu," akawasomea watu wa kilima cha mama, "njia itafunguliwa saa saba, itafungwa saa kumi na mbili." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilianza kupenya kuelekea mlangoni.

Nilielewa papo hapo kilichotokea, maana nilijua mkono uliofanya kazi ile. Coordinateur alitafuta kila tarakimu yenye h nyuma yake, akaiondolea h na kuiwekea neno saa mbele, akabonyeza badilisha zote. 7h ikawa saa 7. 12h ikawa saa 12. Kwao magharibi hakuna kosa hapo; saa inahesabiwa kama Wafaransa wanavyohesabu. Kwetu siku inaanza jua linapochomoza, na saa saba ni mchana uliokwisha kuinama. Kesho yake ilikuwa siku ya soko ya kwanza. Watu wangeingia njiani wenye silaha wakiwa wamekwisha kurudi.

Nilimkuta mama nje ya kanisa, kamba ya kitunga tayari kwenye paji la uso. Yeye na wenzake walikuwa wanapanda kulala kwenye kanisa dogo la kilimani, karibu na kizuizi cha njia, ili kesho wasichelewe.

"Mama, ngojea. Ile saa iko mubaya. Njo saa moja, hapana saa saba."

"Nani anasema?"

"Miye."

"Weye uko na cachet?" Akanitazama juu na chini. "Katekista amesoma karatasi ya cachet. Maneno ya mudomo tulishayasikia. Walisema njia iko muzuri, bantu wakaenda, unajua wenye walirudia."

Nilijua. Kabla ya hapo wapiganaji walikuwa wameeneza habari za mdomo kuwavuta watu njiani, na tangu hapo kambi nzima iliapa kutofuata neno lisilo na cachet, yaani muhuri. Sisi wa shirika ndio tuliowafundisha hivyo, tena kwa mikutano. Nilimshika mkono, akautoa. Akaenda na wenzake, wanaimba.

Nilikimbia hadi ofisini. Chef d'antenne alikuwa amevua viatu, anakula. Nilipomwambia, alisukuma sahani, akaenda kwenye phonie, ile redio yetu ya kuitana, akaita Masisi mpaka sauti ikamkauka. Coordinateur alipopatikana, Chef alinipa kifaa.

"Saa saba njo sept heures, 7h, si ndiyo?" sauti yake ilikuja ikikwaruza.

"Hapana, Papa. Huku saa saba njo treize heures, 13h. Umewapa bantu muchana mpaka mangaribi, na barabara inafungwa midi, saa sita."

Akasema: "Mungu wangu. Mama Secrétaire, mubadilishe yote. Mupige cachet yenu. Kisha musome kwa sauti. Munisikie? Kwa sauti."

Mafuta ndiyo yaliyobaki kuwa kitendawili. Jenereta ilikuwa tupu, na pikipiki ya ofisi ilikuwa na kiasi kidogo. Chef alichukua mpira, akanyonya kutoka tangi la pikipiki hadi akatema mate meusi. "Tunaacha ya kwenda," alimwambia Papa Musubao, dereva wetu. "Ya kurudia haiko." Papa Musubao, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, alijibu, "Nitasukuma. Muandike mbio."

Nilifungua faili. Kurasa baada ya kurasa, kilima baada ya kilima, saa zimejaa kama chawa. Chef alisimama nyuma yangu.

"Badilisha yote mara moja, si kompyuta?"

"Haijue kutoa sita, Chef. Lazima kila saa peke yake."

"Basi fanya! Saa 12 iwe saa 6, saa 6 iwe saa 12, nini iko nguvu?"

Nguvu ilikuwa hapo hapo. Ukibadilisha saa 12 zote kuwa saa 6, kisha ukageuza saa 6 kuwa saa 12, umezirudisha zote, za zamani na mpya, na huwezi tena kujua ipi ni ipi. Akilini nilimwona mama na kamba yake kwenye paji. Kisha nikafanya kitu ambacho Coordinateur alinionyesha zamani katika taarifa ya maharagwe: kila saa niliyoibadilisha niliitia alama isiyokuwepo popote katika maandishi, ile ya mistari minne iliyopishana. Saa 12 ikawa saa #6. Saa 6 ikawa saa #12. Iliyokwisha guswa haikuweza kushikwa tena. Nilitumia alama za pembe mbele na nyuma ili saa 1 isiende kuuma saa 13. Moja moja, moja moja, jenereta ikianza kukohoa, na Chef akisema nyuma yangu, "Yezu, Yezu," bila kujua anasema. Mwisho nikafuta zile alama zote kwa pigo moja.

"Chapa!" alisema.

"Tusome kwanza."

"Mama, mafuta inaisha!"

"Amesema kwa sauti, Chef. Soma ya Kifaransa, mimi ya Kiswahili."

Alinichukia wakati ule, niliona. Lakini alishika nakala ya Kifaransa akasoma, na mimi nikaitikia, kama litania. Tulipofika kilima cha mama alisoma, "Sept heures," na mimi nikasoma, "Saa saba." Chef akainamia skrini. Coordinateur alikuwa amegusa mstari ule kwa mkono, akaacha nafasi mbili kati ya saa na tarakimu, na jokeri yangu, iliyotafuta nafasi moja, ikapita bila kuiona. Nilirekebisha. Tulisoma hadi mwisho hatukupata nyingine. Printa ilitoa karatasi ya mwisho, Chef akapiga muhuri, na jenereta ikazimika kabla wino haujakauka. Papa Musubao alizitia kifuani, ndani ya koti, akaondoka kwa makatekista wa vilima, kuanzia kanisa dogo la kilimani.

Hakurudi siku ile. Jumatatu nilikaa kwenye dawati bila kufanya kitu. Jua lilipanda, likafika utosini, likapita. Saa saba milio ya risasi ikaanza upande wa Kibua, mingi, ya kujibizana. Chef alizima redio yake ndogo. Niliomba kwa maneno ya kitoto, yale ya kumwahidi Mungu mambo ambayo huwezi kuyatimiza.

Jua likiwa limeinama niliwaona wanateremka, mstari mrefu wa vitunga, na nyuma yao Papa Musubao anasukuma pikipiki. Nilihesabu nyuso, sikungoja kufika mwisho. Mama alikuwa katikati, ana hasira.

"Ofisi yenu!" alipiga kelele hata kabla ya kutua mzigo. "Jana saa saba, leo saa moja! Wametuamusha giza-giza, tunaenda mbio kama bezi wa kuku. Nimeacha mihogo nusu. Nusu, unasikia? Bantu ya bureau, munacheza na bantu."

Nilimkumbatia na kitunga chake, akanisukuma kwa sababu ya udongo.

Risasi za mchana zilikuwa za kila siku huko. Hakuziunganisha na karatasi, wala wenzake. Niliamua kutomwambia. Siku ya soko iliyofuata alipaswa kupita njia ile ile, na iliyofuata tena, na kama angejua ilivyokuwa karibu, asingethubutu kuweka mguu, na tungekula nini? Coordinateur alikuja Nyabiondo wiki ile, akaketi na sisi, akaomba radhi mbele ya makatekista wote kwa "mabadiliko ya saa." Tangu siku hiyo, hakuna karatasi iliyotoka kwetu bila watu wawili kuisoma kwa sauti. Nilipohamishiwa Kibua niliendeleza hivyo hivyo, chini ya wakuu wengine waliodhani ninawapotezea muda, mpaka nikastaafu.

Vijana wananiuliza sifa ya kazi yangu ni ipi. Hawapati jibu zuri. Kazi yetu ikienda sawa, hakuna linalotokea, na lisilotokea halina shahidi. Mama aliishi miaka mingi baadaye, akazeekea nyumbani kwangu. Kila mgeni aliyesema nilifanya kazi ofisini, mama alimsimulia habari ya mihogo yake nusu iliyobaki ardhini kwa sababu ya watu wasiojua hata kusoma saa. Wageni walicheka, wakanitazama nijitetee.

"Ni kweli, Mama," nilikuwa nikimjibu, huku nikimwongezea chai. "Tulikukosea sana."