Wimbo wa Palizi na Jina la Mama

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake. Si harufu mbaya. Ni kama misumari iliyolowa, kama kijiko kikigusa ulimi, na nyuma yake kuna joto la karatasi inayokaribia kuungua. Juzi jirani yangu hapa Matisi, mtaa wa Kitale, aliweka betri za tochi yake juu ya bati zipate nguvu kidogo, nami nilikuwa naanua nguo karibu. Nilisimama na shati mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Bokoli, nikiwa mtoto, Jumapili ile ya kanda ya Protas. Nawasimulia ninyi, kwa sababu jirani ana shughuli zake.

Baba yangu, Wafula, alikuwa mtunzi wa nyimbo. Ukiwauliza wazee wa upande wa Webuye na Bungoma, watakuimbia nyimbo zake kabla hawajakumbuka jina lake. Kuna wakati, sijazaliwa bado, ambapo harusi haikuwa harusi bila wimbo wake uitwao "Palizi". Mimi sikumkuta katika sifa hizo. Nilimkuta mtu mpole mwenye kifua kipana, anayelima mahindi na kupaka gita lake mafuta ya kujipaka ili mbao zisipasuke.

"Palizi" ni wimbo wa mume anayemwita mkewe. Mke amekwenda kusalimia kwao, mvua imenyesha, magugu yamepanda, na mume amesimama peke yake shambani. Anamwambia arudi, si kwa ajili ya jembe, ila kwa sababu nyumba imekosa mtu wa kucheka. Halafu anamwita kwa jina. Anamwita tena na tena, sauti ikipanda, mpaka gita linanyamaza na jina linabaki peke yake hewani.

Jina hilo lilikuwa Naliaka. Naliaka ni mama yangu.

Sikumjua. Alifariki kabla sijaweza kusimama. Picha yake ilikuwa moja, na mchwa waliila pale ukutani hadi ikabaki kona yenye kiatu cha mguu wa kushoto. Kwa hiyo mama yangu alikuwa kiatu na wimbo. Jioni, baba akisonga ugali, aliimba "Palizi" polepole, mwiko ukimshikia mdundo, na akifika kwenye jina aliacha kusonga. Ugali wetu ulikuwa na madonge kwa ajili hiyo. Senge, yaani shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea, alikuwa akilitazama sinia na kusema, "Haya, leo tena tunakula wimbo."

Sijui kama naweza kuwaeleza fahari niliyokuwa nayo. Watu walisema wimbo ule ulipigwa redioni ukavuka mpaka wa Malaba na kufika Kampala. Basi mimi nikajua, bila kumwuliza mtu, kwamba jina la mama lilifika Kampala. Mama za watoto wengine walijulikana kisimani. Wangu alijulikana nchi mbili.

Santuri yenyewe sikuwahi kuisikia. Gramafoni yetu ilikuwa imekufa, santuri nyingi ziliazimwa zikapotelea huko huko, na ya mwisho kabisa Senge aliitia katika maji ya moto, akaikunja ikawa bakuli la vitunguu. Siku hizo wanawake wengi walifanya hivyo. "Haina mashine ya kuiimbisha," alisema, "basi ibebe kitunguu." Baba alicheka sana. Nilikuja kufikiri kwamba angeweza kukasirika, lakini hakukasirika.

Kisha baba akapooza. Asubuhi moja aliinuka kitandani akaanguka, upande wa kulia ukafa na mdomo ukaenda kando. Alielewa kila kitu. Ukimwuliza jambo alikujibu kwa macho. Lakini maneno yake yalitoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na baadaye hata hayo yakaisha, ikabaki sauti moja tu: aa. Gita likaning'inia ukutani. Ugali ukasongwa na Senge, na haukuwa na madonge tena.

Jina la mama nalo likanyamaza. Senge alimwita "marehemu". Nilijaribu kuimba mwenyewe nikienda kuchota maji, lakini sikupewa sauti. Nilisikika kama namwita mbuzi.

Hapo ndipo Protas alipokuja. Alikuwa mwimbaji kijana kutoka Kitale, jina lake limeanza kushika. Alikuja na viatu vyeupe vilivyochongoka, na matope ya Bokoli hayakuvionea huruma. Alileta sukari, mikate na jogoo. Jogoo alimponyoka mlangoni, tukamkimbiza mpaka kwa jirani yetu Barasa, na Protas akateleza akaketi majini na suruali yake ya sherehe. Hata baba alicheka kwa ile nusu ya uso iliyobaki. Protas aliporudi, amelowa, hakutaka kiti. Aliketi chini mbele ya miguu ya baba.

"Mzee," alisema, "mimi nimelelewa na nyimbo zako. Nataka niziimbe zote kwa kanda moja, na jina lako likae juu. Watoto wa siku hizi wakujue. Ukikataa, narudi Kitale na sina ubaya na wewe."

Baba aliinua mkono wake mzima akauweka juu ya kichwa cha yule kijana.

"Amekubali," Senge akasema. "Lakini wewe usiharibu. Hizo nyimbo ziko na wenyewe."

Nilingoja kanda ile kama watoto wengine wanavyongoja Krismasi. Sikuwa nangoja gita wala sifa za baba. Nilikuwa nangoja jina moja. Nilijua kwamba Protas akifika kwenye jina, ataliita kwa sauti yake ile nzuri, na nikitaka tena nitarudisha kanda nyuma kwa kidole changu, na mama ataitwa tena, hata kama baba amenyamaza.

Kanda ilikuja Jumapili baada ya kanisa, Protas mwenyewe akiileta. Senge alikuwa ameanika betri za redio juu ya bati tangu asubuhi, na alipozileta zilikuwa na ile harufu. Majirani walijaa uani, wengine na viti vyao. Barasa alikuja na kofia ya mkwe wake, ati siku kubwa. Kwenye jalada la kanda kulikuwa na picha ya Protas na, pembeni, kichwa kidogo cha baba enzi za ujana. Tulimketisha baba karibu kabisa na redio.

Nyimbo za kwanza zilipita vizuri. Sitamsingizia Protas: aliimba kwa heshima, na mguu wa kushoto wa baba ulipiga chini kila mdundo. Kisha "Palizi" ikaanza. Nilisimama. Mvua ikanyesha, magugu yakapanda, nyumba ikakosa mtu wa kucheka. Nikafumba macho.

"Nyambura!" redio ikaita. "Nyambura eeh, mama wa Matisi!"

Nilifumbua macho nikamtazama Senge. Senge alikuwa anapiga makofi.

"Huyo Nyambura ni nani?" nikauliza.

"Si huyo mama mwenye malori ya mahindi, Kitale," Barasa akasema. "Wewe mtoto hujui watu wakubwa?"

Watu wakacheka. Protas akainama ili anisikie, maana alikuwa mtu mwema. "Ni mke wa Mzee Kamau," akasema. "Yeye ndiye alitushika mkono, akatulipia studio. Lazima nimwimbie mama watoto wake, ndiyo kazi yetu ilivyo. Muulize babako."

"Na Naliaka?"

"Naliaka ni nani?"

Aliuliza hivyo tu. Hakuwa anatania. Nilimwona usoni kwamba hajawahi kulisikia jina hilo, nami nikaamini kwamba huo wimbo wake ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia.

Redio ilikuwa bado inamwita Nyambura, sauti ikipanda. Ndipo baba akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Aa," akasema. "Aa. Aaa." Alikuwa anangoja pale jina lilipokuwa likitajwa, kisha anatoa sauti yake juu ya ile ya redio, na machozi na mate vinamtiririka pamoja kidevuni.

"Oneni mzee anaimba!" Protas akapiga kelele kwa furaha. "Ongeza sauti, bana! Ongezeni!"

Wakaongeza. Akina mama wakasimama kucheza. Sauti ya baba ikafunikwa, lakini mdomo wake uliendelea kufunguka na kufungika mpaka wimbo ulipokwisha, na ukaendelea kidogo baada ya hapo. Senge alikuja na kitambaa akamfuta. Mimi niliingia ndani nikalala kifudifudi kwenye mkeka wangu.

Baba hakuifikia palizi iliyofuata. Kwenye mazishi yake walileta vipaza sauti vikubwa kutoka Bungoma, wakapiga kanda ya Protas tangu asubuhi, kumheshimu. Nilimzika baba huku Nyambura akiitwa juu ya Bokoli yote.

Niliacha shule niliposhindwa kuendelea, nikaolewa huku Kitale, nikafiwa na mume, na sasa nauza nguo za mitumba karibu na Kipsongo. Wimbo ule unapigwa bado. Unapigwa kwenye harusi, kwenye simu za watu, na kila mwimbaji anayeurudia anautia jina la mtu wake. Mimi nilishikilia jambo moja moyoni miaka yote: kwamba mahali fulani ipo santuri ya kweli, sauti ya baba akiwa mzima, na ndani yake mama yangu anaitwa. Wengine wana makaburi yenye saruji. Mimi nilikuwa na santuri nisiyoijua iliko, na hilo lilinitosha kuamka.

Mwaka jana nilikwenda Bungoma kuchukua mzigo, nikapita kwa bwana mmoja anayetoa nyimbo za santuri na kuzitia kwenye simu. Nilimtajia baba. Akasema, "Huyo ninaye. Keti, mama." Aliniwekea spika ndogo sikioni.

Niliketi juu ya gunia langu la mitumba. Baba alianza kuimba. Jamani, alikuwa kijana! Sauti ilikuwa nyepesi, haijabeba kitu chochote. Mvua ikanyesha, magugu yakapanda. 

"Rosalia," baba akaimba. "Rosalia, mama wa hoteli, Rosalia eeh."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia labda zipo santuri mbili tofauti. Akasema, "Hapana, mama, ni hii tu. Hawakurekodi nyingine."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Bokoli kwa Senge. Amezeeka sana, haoni vizuri, anaketi mlangoni akipukuchua mahindi kwa kupapasa. Nilimwuliza Rosalia ni nani.

"Bwana yake alikuwa na hoteli Bungoma," akasema. "Si ndiye aliwapeleka Nairobi kulekodi? Akawalisha safari nzima. Babako angemwimbia nani?"

"Na mama je?"

Senge alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka kitu kizuri. "Mamako alikuwa mchokozi. Alimwambia babako, unaimba wake za watu tu, mimi mke wako siku yangu ni lini? Basi babako akawa anamwimbia hapo jikoni. Ile ya ledio ilikuwa ya Rosalia, mwanangu. Ya mamako ilikuwa ya jikoni tu."

Niliketi naye tukapukuchua mahindi. Nilikuwa naiona Jumapili ile upya. Niliamini maisha yangu yote kwamba baba alilia kwa sababu Protas alimnyang'anya jina la mke wake. Kumbe hakunyang'anywa kitu. Alijua kabla ya sisi sote kwamba kanda haitakuwa na Naliaka, kwa kuwa jina hilo halikuwahi kuwa popote isipokuwa kinywani mwake. Alikuwa anafanya alichokifanya kila jioni mbele ya sufuria, kulitia jina mwenyewe pale lilipokosekana. Siku ile halikutoka. Na uani mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nalingoja jina lile, na ningeweza kulitaja kwa niaba yake, lakini niliingia ndani nikalala kifudifudi.

Nawaambia na lililo baya zaidi, kisha ninyamaze. Ningejua, nisingeketi pale Bungoma. Nilikuwa na sauti ya baba kichwani tangu utotoni, nzito, ya jikoni, na nikifumba macho niliisikia ikimwita mama. Tangu siku ya santuri, ile ya ujana imeifunika. Najaribu nikiwa kazini, najaribu nikiwa natembea. Mwiko unagonga sufuria, magugu yanapanda, baba anaacha kusonga, anavuta pumzi, nami nangoja. Anaita Rosalia.