Mwambie Fundi Aendeshe Vibaya

Marehemu mume wangu Ernesti alikuwa hawezi kuvumilia kusikia gia ikikwaruzwa. Umtukane atacheka, umnyime chakula atalala, lakini dereva apite mbele ya nyumba yetu pale Nguvumali, Tanga, gia ikilia, Ernesti alikuwa anafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidonda. Nilimwambia mara nyingi kwamba gari si lake na wala hakuna aliyemwita. Hanisikii. Alitoka kwetu Ungoni na manamba, wale vibarua wa mkataba, kuja kukata mkonge, mkonge ukamshinda, akajifunza ufundi kwenye karakana ya shamba kwa kuwashikia wenzake taa na kuwapa spana, na tangu hapo akawa mtu wa magari hata ndotoni. Mimi ni Praxeda, mkewe, Mngoni vilevile. Haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, na kipande kizima kilipita kinywani mwangu, maana bila kinywa changu kazi ile isingefanyika.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne kama sikosei. Ernesti aliitwa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Mwarabu mmoja mwenye minazi, Bwana Hashil, alikuwa amefariki, na mwanawe Khalifa alikuwa amebaki na pikapu ya baba yake, Fodi kuukuu ya kabla ya vita, gia tatu, injini imechoka. Khalifa alitaka gari lenye nguvu la kubebea mbata, zile nazi zilizokaushwa. Alikuwa amepata injini ya lori lililopinduka upande wa Maramba, nzima kabisa, pamoja na giaboksi yake ya gia nne. Alitaka vyote viingie kwenye pikapu, na njia ya hewa ipandishwe juu, maana masika vijito vya kule hujaa mpaka kwenye boneti, gari linavuta maji badala ya hewa na kufa katikati. Ernesti aliposikia hayo usingizi ulimruka. Akasema twende wote, kazi ni ya wiki kadhaa na yeye hawezi kula chakula cha watu asiowajua. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema atanikosa.

Tukavuka kwa pantoni, tukapewa chumba karibu na tanuri la mbata, nguo zetu zote zikanuka moshi wa vifuu vya nazi. Ernesti alifanya kazi nje, kwenye banda la makuti. Mimi niliitwa ndani na Bi Muzna, mjane wa Bwana Hashil. Alikuwa amekaa eda, haonani na mwanamume wa kando, na hata kabla ya eda alikuwa mtu wa ndani kama walivyo mabibi wa nyumba zile. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanikalisha mkekani, akanimiminia kahawa. Akaniuliza habari za Ungoni: mvua inanyesha lini, watu wanakula nini, mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Tangu nije pwani hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mama yangu. Nikampenda hapo hapo.

Nje kazi ilikwenda. Injini ya zamani ilitolewa ikawekwa juu ya magogo, imefunikwa gunia. Ile ya lori ilikuwa ndefu, haikutosha, kwa hiyo Ernesti akasogeza radieta mbele na kufunga vishikio vingine vya kuibebea, vile vya kwanza akaviacha mahali pake kwa sababu hakuwa mtu wa kung'oa kitu bila haja. Giaboksi nayo ilikuwa kubwa, ikataka shafti fupi, akaikata ile ya lori na kwenda nayo Tanga kuichomelea. Njia ya hewa akaitengenezea bomba lililopanda ubavuni mwa kioo mpaka juu ya paa, na kifuniko cha kuzuia mvua, na chini yake chujio lenye oili la kukamata vumbi. Wavunja nazi wakasema gari limeota mkonga. Ernesti alikuwa na furaha ya kuudhi. Tukikaa kula ananisomesha habari za pumzi ya injini, mimi nataka anisogezee chumvi.

Siku ya kulijaribu, akatoka nalo hadi barabara kuu, akarudi nalo, akapanda ule mwinuko wa kabla ya nyumba bila gari kuhema hata kidogo. Khalifa akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, akampa mkono. Mimi nilikuwa ndani na Bi Muzna tunachagua mchele. Akaniuliza ni mgeni gani aliyekuja. Nikamwambia hakuna mgeni, Bi Mkubwa, ni gari lenu, limekwisha. Akaweka ungo chini. Akasema gari lao halilii hivyo. Nikamweleza yote, injini, giaboksi, mpaka bomba. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akalia, taratibu, bila kujificha, mchele uko mapajani.

Kisha akaniambia. Lile gari yeye hakuwahi kulitazama sawasawa miaka yote ile, alikuwa akilisikia. Bwana Hashil alikuwa na mguu wa kushoto mbovu, ulivunjika alipokuwa kijana, na kukanyaga klachi kulimtesa. Basi akifika kwenye mwinuko alikuwa anachelewa kupangua gia, anachelewa, mpaka injini inakaribia kuzima, ndipo anajikaza. Mkewe huku ndani akisikia gari linalalamika hivyo anajua ni yeye, anakwenda kutenga birika la kahawa. Na siku Bwana Hashil alipofia hospitali kule Tanga, gari lilirudishwa na mtu mwingine. Likapanda mwinuko vizuri, halikulalamika. Bi Muzna akajua. Kabla mtu hajaingia ndani kumpa habari, yeye alikuwa ameshakaa chini anasubiri kuambiwa.

"Nataka nimsikie akija," akasema. "Mara moja tu, mwanangu. Baada ya hapo Khalifa alifanye gari lake atakavyo."

Nikampelekea Ernesti maneno hayo, na Khalifa alikuwepo. Khalifa akakataa pale pale. Mbata zimekauka, wanunuzi wa Tanga wanangoja, na mama yake akiendelezwa hivi ataugua. Hakuwa mtoto mbaya. Lakini tangu msiba alikuwa hataki hata jina la baba yake litajwe, ukilitaja ananyanyuka na kukumbuka kazi fulani shambani. Nilitaka kumjibu, Ernesti akanikanyaga mguu.

Kesho yake Khalifa alipoondoka kwenda Pangani mjini kwa siku chache, Ernesti akajaribu njia ya mkato. Akaifunga ile injini ya zamani juu ya magogo, akaitia petroli kwa kopo, akaiwasha kwa hendeli. Ikaunguruma, kuku wakatawanyika. Mimi niko ndani namtazama Bi Muzna, naye amesogea dirishani nyuma ya pazia, ametega sikio. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo injini tu, na yeye hakuolewa na injini. Nilipomfikishia Ernesti jibu hilo alicheka mpaka akashika magoti, halafu akachukua spana na kuanza kufungua bolti za injini mpya.

Hapo nilimjia juu. Kazi yote ile, mgongo umekuuma, leo uifungue kwa sababu ya machozi ya mtu usiyemjua hata sura? Huyo mwenye gari akirudi akikufukuza tunakwenda wapi? Maneno yalinitoka mengi. Yeye akaendelea kufungua, kisha akaniambia bila kunitazama, "Baba yangu alikuwa akirudi shambani anakohoa, tunamsikia tangu kwenye migomba. Nilimwacha anakohoa nikaja huku, amekufa sipo. Ingekuwa kikohozi kinafungwa kwa bolti, Praxeda, ningekifunga."

 Mama yangu mimi alizikwa nikiwa Tanga, habari zake nilizipata kaburi limeshaota majani. Nikakunja kanga nikamshikia gogo.

Ilichukua siku kadhaa. Injini ya zamani ikarudi mahali pake, na giaboksi ya gia tatu, na shafti yake. Hata lile bomba la hewa Ernesti alilitoa, maana alisema nalo linabadilisha sauti ya gari likivuta pumzi. Khalifa aliporudi siku ile ya mwisho na kukuta gari lake limepasuliwa kifua, injini mpya iko chini, alifoka mpaka wavunja nazi wakaacha kazi. Ernesti akangoja amalize, akamwahidi kwamba vyote atavirudisha kama vilivyokuwa, na kweli baadaye alivirudisha vyote. Khalifa hakutaka kusikia. Akaenda kuketi barazani, ametupa mgongo.

Alasiri ile Ernesti akalipeleka gari mpaka barabara kuu, akaja nalo. Mimi na Bi Muzna tumekaa chumbani karibu na dirisha. Gari likakata kona, likapanda. Bi Muzna akaniambia siyo. Nikatoka nikamwambia Ernesti siyo. Akaniuliza siyo kivipi, alikuwa akiliaje? Nikarudi ndani kuuliza, Bi Muzna akaniigizia kwa mdomo, na mimi ikabidi nitoke uani, mwanamke mzima, nisimame mbele ya mume wangu na wanaume wa shamba lote niungurume kama gari. Walicheka wakakaa chini. Nilimwambia Ernesti haya yote atanilipa mbinguni. Akaenda tena, akaja tena, na mara hii nami nikadhani amepata.

Bi Muzna akafumba macho. "Anaendesha vizuri mno," akasema. "Mwambie fundi aendeshe vibaya."

Akanieleza tena, safari hii kipande kwa kipande. Achelewe mpaka mtu uone huruma. Halafu aikwaruze gia, mara ya kwanza ikatae. Aikwaruze tena, ndipo iingie, na ikiingia akanyage mafuta kwa hasira kama anayegombana na kilima. Nikapeleka ujumbe. Sijawahi kumwona Ernesti na uso ule. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni lazima aikwaruze makusudi. Nikamwambia makusudi, tena mara mbili. Akafuta mikono kwenye suruali, akapanda, akaondoka. Wakati ule nilimcheka moyoni. Leo ninapokaa peke yangu Nguvumali, magari yakipita na gia zinalia na hakuna wa kufumba macho, sicheki.

Likaja. Tulilisikia likiacha barabara kuu, likipita minazini, likianza mwinuko. Likalalamika. Nikajua Ernesti mguu unamwasha kukanyaga klachi na anajizuia. Likazidi kulalamika, likawa linakata roho kabisa, halafu gia ikalia kwa ubaya mpaka meno yakaniuma, ikakataa, ikalia tena, ikaingia, na injini ikapiga kelele juu ya kilima. Bi Muzna alikuwa ameshasimama. Akajifunga leso yake upya, akapitisha kiganja usoni. Akasema, wala si kwangu, "Leo amechelewa." Akaelekea jikoni kutenga birika, kwa hatua za haraka ambazo sikujua anazo.

Gari likaingia uani likasimama, injini inaendelea. Nikamwona Bi Muzna amesimama mlangoni mwa jiko, mkono uko hewani, anangoja. Alikuwa anangoja mlango wa gari ufunguliwe, kama unavyofunguliwa siku zote. Kisha akanigeukia, na machoni mwake nikaona ameshakumbuka.

"Mwambie asizime," akasema. "Akizima itabidi mtu ashuke. Mwambie asizime kwanza."

Nilikimbia. Ernesti mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Nikamwambia usizime, naye hakuuliza sababu, akaurudisha mkono kwenye usukani. Tukakaa hivyo, gari linatetemeka uani, hakuna anayeshuka. Nyuma ya pazia nilimwona Bi Muzna amerudi chumbani ameketi, kichwa amekiegemeza kwenye nguzo ya dirisha. Baada ya muda injini ikaanza kukatika. Ernesti alikuwa ametia petroli ya kujaribia tu, ilikuwa inakwisha.

Khalifa akainuka barazani. Nikadhani sasa anakuja kutufukuza, nikajiweka mbele ya mlango wa gari nimjibu. Akanipita. Alikuwa analia, uso wote umelowa, hata hakuufuta. Akaingia stoo, akatoka amebeba debe la petroli, akafungua kifuniko cha tangi na kuanza kumimina huku injini ikinguruma, jambo ambalo Ernesti hakumruhusu mtu yeyote kulifanya maisha yake yote. Siku ile alimtazama tu, akakanyaga mafuta kidogo ili isizime.