Chuma Ndani ya Buti

Kaimenyi wa Laare hakuwa mtu wa kuomba. Tangu agombane na jirani yake Mukiri juu ya mpaka wa shamba, hakuwahi kuvuka ua kutaka hata chumvi, na jambo hilo alilionea fahari.

Gari lake, stesheni wagoni, lilibeba miraa kila siku, na barabara mbovu ikailegeza bodi yake hadi mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Mafundi wa sokoni walitaka kuchomelea chuma cha kudumu cha kuikaza. Yeye alitaka cha kufungua, ili Jumapili mama yake apate kunyoosha mguu huko nyuma wakienda kanisani. Basi akakitengeneza mwenyewe uani: bomba likakingama ndani ya buti, pale nyuma pa mizigo, ubavu hadi ubavu, likashikwa kwa bolti. Matundu aliyatoboa asubuhi, magunia ya miraa yakiwa ndani, kwa kuwa karibu siku zote aliliona gari lake limelala chini kwa mzigo. Mlango ukafunga vizuri, naye akavimba kichwa.

Jumapili haijafika, mama akaanguka jikoni akavunjika nyonga. Ilikuwa alasiri, miraa imeshauzwa, gari tupu. Ilibidi mgonjwa alazwe nyuma. Kaimenyi akafungua nati upesi, lakini bolti zikagoma. Bila mzigo gari lilikuwa limejiinua, matundu yamepishana, na bolti zimebanwa humo. Akapiga nyundo wee. Mama akalia ndani ya nyumba. Hapo akatambua kosa lake la kutoboa gari likiwa na mzigo, akaogopa kwelikweli.

Gunia hata moja hakuwa nalo. Akaenda hadi kwenye ua wa Mukiri, akasimama.

"Baba Kajuju!" akamwita Mukiri. "Kuja haraka! Mama ameumia. Kuja na watu wako wote mkalie hii gari!"

Mukiri hakuuliza gari hukaliwa kwa nini. Akaja na mkewe na kaka zake wanene, wakajipanga ndani ya buti pande zote mbili za bomba. Gari likalala chini, matundu yakalingana, na bolti zikatoka kwa mkono.

Wakaondoa bomba, wakamlaza mama humo juu ya godoro, wakaelekea hospitali. Mukiri akabaki nyuma, amemshika asirushwe na mashimo.

Njiani mama akafumbua macho, akamtazama.

"Mwanangu Mukiri, ulikuwa umepotelea wapi siku hizi zote?"

"Sijapotea, mama. Nilikuwa tu hapo kwa ua."

Kaimenyi alisikia kila neno. Aibu ikamshika, akaendesha polepole.