Kufiwa Kazini

Kazi yangu ilikuwa kuongea na wafu. Kwenye mkataba waliiandika kwa adabu zaidi: msaidizi wa uhamishaji wa makaburi. Mgodi ukitaka kupanua shimo, huko upande wa Geita, kampuni iliyoniajiri ndiyo ilihamisha makaburi yaliyokuwa njiani. Wenye ndugu zao walikuja wenyewe, wakamwambia marehemu kwa Kisukuma kwamba anahamishwa, asishtuke. Yaliyobaki yalikuwa makaburi yasiyo na mwenyewe, na huku mtu hafukuliwi kimyakimya. Vibarua wetu, vijana wa vijiji vilevile, waligoma kushika chepe mpaka mtu azungumze. Wao wenyewe walikataa kuzungumza. Anayemwita marehemu ndiye ndugu, walisema, na ndugu ndiye mwenye msiba.

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," alisema msimamizi wetu, mtu wa Tanga aliyependa utani. "Akikosekana, mpe Msukuma."

Tukacheka. Msukuma pekee ofisini nilikuwa mimi, niliyekulia mjini, na nilidhani ni suala la adabu tu. Isitoshe walikuwa wamenisomesha kozi, na mkataba ulisema wazi: ukiondoka kabla ya miaka miwili kwisha, unarudisha gharama zote za mafunzo na kiinua mgongo unakisahau.

Basi nikawa nachuchumaa upande wa kichwa na kumwamkia babu nisiyemjua. "Mwangaluka, guku. Tumekuja kukuhamisha." Akiwa mwanamke namwita mayu, mama. Huwezi kumwita marehemu "wewe," lazima awe wa kwenu. Kisha vibarua wanachimba, nami nasimama pale hadi kitoke kilichobaki, kitiwe sandukuni.

Sikujua lini chakula kilianza kunishinda. Nilipanga chumba mtaa wa Nyahanga, nikirudi nanawa mikono hadi ngozi inauma, na bado nanusa udongo. Kwenye kikao cha harusi ya rafiki yangu nilibubujikwa machozi wakati wa kutaja ahadi. Wakadhani nimelizwa na mchango. Sikuwaambia kwamba siku hizo nilikuwa nayaonea wivu makaburi, kwamba nilitazama shimo lililokwisha kuchimbwa na kuona pa kulala. Nilijiogopa.

Halafu likaja kaburi fupi.

Nilichuchumaa, nikakosa la kuita. Si guku, si mayu. Vibarua walikuwa wananisubiri, wengine wamevua kofia. Mwishowe nikasema, "Mwanangu." Sina mtoto, sijaoa. Sanduku lilikuwa jepesi kiasi kwamba nililipakata hadi makaburi mapya, na gari lilipopita kwenye mashimo nililibana kifuani lisitikisike. Tulipofika, nikashindwa kuliachia. Msimamizi alilitoa mikononi mwangu taratibu, na siku hiyo hakutania.

Nilikwenda kwa ofisa utumishi kuomba likizo ya msiba.

"Pole sana, kaka. Umefiwa na nani?"

"Mtoto."

Akafungua faili langu. "Mbona hujaandikisha mtoto?"

Nikampa barua ya daktari iliyosema nina sonona na kazi ile niiache. Akaisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ugonjwa unanipa siku za kupumzika, ila mkataba haufutwi na barua, na nikimaliza kupumzika nitarudi palepale.

"Basi nauvunja mwenyewe," nikasema, kwa sauti iliyomfanya asogeze kiti nyuma. Nilikuwa na hasira naye, na wao wote, na zaidi na yule kijana wa mjini aliyecheka utani wa Mnyamwezi.

Ili nirudishe gharama za mafunzo, kiwanja changu cha Nyahanga kiliuzwa pamoja na matofali yake, na pikipiki ikafuata. Baba mdogo alipiga simu kutoka Segese. "Watu wanahonga ili waingie mgodini, wewe unatoka kwa ajili ya mifupa?" Nikakata simu.

Mama yangu anaishi Kolandoto. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama, kisha akaniuliza wale marehemu nilikuwa nawaita vipi. Nikamweleza, hadi lile sanduku. Hakusema nimekosea. Alitandika mikeka uani, akachukua wembe akaninyoa kichwa chote, akatuma watu kwa majirani.

"Mwanangu kafiwa na mtoto," aliwaambia.

Wanajua sijawahi kuleta mke pale. Walikuja hivyohivyo, wakakaa, mmoja akaleta unga. Bibi wa nyumba ya pili alijisogeza hadi ubavuni kwangu.

"Pole, baba. Mtoto aliitwa nani?"

"Sijui, bibi. Kwenye sanduku waliandika namba."

Alinishika mkono, ule ninaousikia ukinuka udongo, akaubakiza mapajani mwake. Kisha akawageukia wenzake na kuwaambia wasogee karibu, mfiwa bado hajalia.