Maji Hayakuulizwa

Juzi nilikuwa saiba, duka la kompyuta na kopi, pale Shirere nikingoja kopi ya kitambulisho. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa akimsomea mchapaji hitimisho la utafiti wake kuhusu wakulima wa Shinyalu. Mama mwenye kikapu akamsogelea.

"Msichana wangu, si wewe ulikuja kwetu? Umeandika ile maji ya chemchemi? Bado inaumizanga watoto tumbo."

Msichana akainamisha kichwa. "Mama, maswali yangu yalikuwa ya mbolea. Mapendekezo lazima yatoke kwa maswali. Nikiweka maji, mwalimu atanirudisha, na leo ndio mwisho wa kuwasilisha."

"Sasa umependekeza nini?"

Mchapaji akasoma kwenye kompyuta: "Utafiti zaidi ufanywe."

"Kwa hivyo mtarudi kutuuliza tena?"

"Watakuja wengine, mama."

Mama akanitazama mimi, mtu mzima wa kanisa, kana kwamba ningesema neno. Nikajifanya nasoma bei za kopi ukutani. Mungu anisamehe. Tumekubali kwamba mtu akikujibu jambo ambalo hukumuuliza, hajasema kitu.

Mama akajitwika kikapu chake. "Basi waambie wakija wabebe maji yao ya kunywa."