Ratili ya Elinami

Tangu Elinami anunue mizani ya sahani mbili, hapakuwa na mwenye maringo kama yake Kaloleni nzima. Enzi zile za Mwingereza majirani zake bado walipima kwa kopo.

"Jiwe la ratili huku, sukari huku," alimweleza kila mteja, atake asitake. "Ulimi wa katikati ukisimama wima, hakuna aliyepunjwa." Punje iliyozidi aliirudisha guniani.

Wateja walimwona bahili tu. Bibi Eunike, aliyeteremka kwa miguu kutoka mlimani, alizitazama sahani zilivyolingana, akasubiri.

"Mwanangu, na nyongeza?"

"Bibi, ratili ni ratili."

Bibi akahamia duka la jirani, ambako kopo lilikuwa limebonyea kitako, lakini nyongeza ilitolewa kwa mkono mkunjufu.

Tabitha, mkewe Elinami, alichoka kuona wateja wakihama. Siku Bibi Eunike alipopita tena, Tabitha alishika mizani mwenyewe. Akamimina sukari pungufu kwa makusudi, akamtazama bibi kwa huruma, kisha akaongeza kiganja kimoja. Ulimi ukasimama wima.

"Hiyo nyongeza yako, Bibi."

Bibi Eunike akambariki yeye na uzao wake wote. Ratili ilikuwa ileile.

Elinami aliona huo ni upuuzi mtupu, akatoka kwa hasira kwenda kununua nyama. Muuza nyama akapima, ulimi ukasimama wima kabisa, akafunga nyama kwenye jani la mgomba, akampa.

Elinami hakunyoosha mkono.

"Na kamfupa ka nyongeza?"